Unalinda au kufanya usafi chini ya mzabuni Dodoma? Namna ya kupunguza msongo wa kazi, hatua kwa hatua

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, majengo ya ofisi yameota kila upande, kuanzia katikati ya jiji hadi Mji wa Serikali Mtumba. Kila jengo lina mlinzi getini, mama anayepiga deki korido kabla wenye ofisi hawajafika, na kijana wa bustani. Wengi wao si waajiriwa wa ofisi hiyo. Wameajiriwa na kampuni iliyoshinda tenda ya ulinzi au usafi. Anayekuona kila siku hakulipi, na anayekulipa hakuoni. Ukichanganya hapo zamu za saa 12 na mshahara usiojulikana unaingia lini, unapata msongo wa aina yake.

Ushauri wanaopewa watu hawa ni "usiwaze sana" na "mwachie Mungu". Sala ina nafasi yake, tena kubwa. Lakini mlinzi asiyelala usingizi wa kutosha kwa miezi mitatu hatapona kwa kuambiwa asiwaze. Kwa maoni yangu, msongo wa mfanyakazi wa mzabuni una vyanzo unavyoweza kuvitaja kwa saa, kwa shilingi na kwa jina la anayekutuma. Tuanze na kuvitaja.

Hatua ya 1: Weka daftari lako

Tafuta daftari dogo la kuingia mfukoni. Kwa wiki mbili andika kila siku saa uliyoingia, saa uliyotoka, ulikula saa ngapi na nani alishika lindo ukiwa unakula, umelala saa ngapi, na nani alikutuma nini. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Jumanne. Nimeingia saa 11:40 jioni. Nilitakiwa kutoka saa 12 asubuhi, aliyenipokea kafika saa 1:25. Nimekula getini, nimefungua geti mara tatu sahani ikiwa mkononi. Nimelala saa 4 hadi saa 7 mchana, watoto wakaniamsha. Mtu wa utawala kanituma nioshe gari lake. Kichwa kinauma."

Usiandike hadithi ndefu, mistari hiyo inatosha. Baada ya wiki mbili utaona kinachokumaliza. Kuna atakayegundua kwamba kinachomtesa ni yule mwenzake anayechelewa kila siku, na kazi yenyewe anaimudu. Mwingine ataona kwamba siku zake mbaya ni zile za kutoka usiku na kuingia mchana bila ofu katikati.

Daftari hili lina kazi ya pili. Kitabu cha matukio ni mali ya lindo na kitabaki kwa kampuni. Daftari lako utaondoka nalo. Kama lindo lako ni la ofisi nyeti, usipige picha kitabu chao. Nakili kwa mkono saa zako tu.

Hatua ya 2: Zipime saa zako kwa sheria

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia mwajiriwa wa mzabuni. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Ukijumlisha saa za kawaida na za ziada, siku moja isizidi saa 12. Kati ya kutoka kazini na kurudi unatakiwa kupumzika saa 12 mfululizo, na kila wiki upate saa 24 za mapumziko. Sikukuu ya kitaifa ukifanya kazi, malipo ni mara mbili.

Sasa fanya hesabu. Zamu ya saa 12, tuseme unapata saa moja ya kula na kupumzika kwelikweli. Zinabaki saa 11. Kwa siku 6 ni saa 66. Toa 45 za kawaida, zinabaki 21 za ziada kila wiki. Kwa wiki nne ni saa 84, wakati sheria inaruhusu 50. Yaani hiyo ratiba ambayo malindo mengi wanaiona ya kawaida imeshavuka kiwango kabla hata mwenzako hajachelewa kukupokea.

Kuhusu hiyo saa ya mapumziko, soma vizuri. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya dakika 60. Mwajiri halazimiki kukulipa kwa muda huo, isipokuwa kama anakutaka uendelee kufanya kazi au uwe tayari kwa kazi. Mlinzi aliye peke yake getini, anayekula huku anainuka kufungua, hajapumzika. Saa hiyo ni ya kazi na inahesabika.

Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Kupata malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45. Tuchukue shilingi 234,000, si kwa sababu ndicho kima cha chini, ila hesabu yake ni nyepesi. Saa moja inatoka shilingi 1,200. Nyongeza ya usiku ni shilingi 60 kwa saa, sawa na 600 kwa usiku wa saa 10, na kwa usiku 26 ni 15,600. Saa ya ziada ni 1,800, kwa hiyo zile saa 21 za wiki ni 37,800. Linganisha na slipu yako.

Angalia pia mkataba. Sheria inaruhusu mkataba wa maandishi wa kubana wiki, ambapo unaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya ziada. Lakini hapo siku haziwezi kuzidi 5 kwa wiki, na saa za kawaida zinabaki 45. Kama hukusaini kitu hicho, usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "hapa tuna utaratibu wetu". Kima cha chini nacho kimewekwa na Amri ya Mishahara kwa kila sekta, ulinzi binafsi ukiwemo. Muulize Afisa Kazi wa mkoa kiwango kinachotumika sasa.

Wapo watakaoniambia kwamba kujua haya kunaongeza hasira tu. Nimekaa na walinzi na wanawake wa usafi wakiandika barua zao, na nilichokiona ni kinyume. Mtu akishajua ni saa ngapi anadai, anaacha kujiona mvivu au mgonjwa.

Hatua ya 3: Ulinde usingizi

Hapa ndipo afya ya mtu wa zamu ya usiku inapovunjika, na Dodoma ina ugumu wake. Unatoka lindo Mtumba, unavuka jiji zima hadi Nkuhungu, unafika nyumbani jua limeshapanda. Paa ni la bati. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ikifika saa 6 mchana chumba kinawaka. Kwa hiyo usisubiri. Oga, kula kidogo, lala saa hiyohiyo. Vyombo, nguo na kwenda dukani vitasubiri mchana. Asubuhi ndiyo saa yako ya ubaridi, ukiipoteza huipati tena.

Ukiamshwa na joto saa 6 au saa 7, usijilazimishe kugaagaa kitandani. Amka, fanya shughuli zako, kisha lala tena kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kujiandaa kwa zamu. Usingizi wa vipande viwili unaokoa wengi, mradi vipande hivyo viwe saa zilezile kila siku.

Dirishani tundika kitu kizito na cheusi, blanketi kuukuu au kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Hewa ya huku ni kavu karibu mwaka mzima, kwa hiyo kitenge kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikitundikwa upepo unapoingilia, kinapoza chumba vizuri. Pwani mbinu hii isingekusaidia sana kwa sababu ya unyevunyevu. Simu zima kabisa, na namba ya jirani au ya mama watoto iwe ndiyo ya dharura.

Watu wa nyumbani wanahitaji kuambiwa waziwazi, kwa sababu kwao mtu aliyelala mchana yupo tu. Mwambie mwenzako kwa heshima, mkiwa mmetulia: "Mama Neema, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 nihesabu kama sipo. Akija mtu, mwambie nipo kazini." Misiba na vikao vya ukoo vina uzito kwetu, na sitakwambia uvipuuze. Toa rambirambi yako mapema, kisha nenda kukaa na wafiwa siku yako ya ofu. Watu wataelewa wakijua unalinda usiku.

Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu tumia mwanzoni mwa zamu. Ikishapita saa 7 usiku acha, maana vinakaa mwilini saa nyingi na asubuhi ndivyo vitakavyokukatalia kulala. Pombe ya kutafutia usingizi inakulaza haraka na kukuamsha mapema ukiwa umechoka zaidi. Na kama una pikipiki, asubuhi ukijiona unasinzia usiiendeshe. Panda daladala.

Muombe msimamizi kitu kimoja cha msingi kuhusu ratiba: zamu zisibadilike kila baada ya siku mbili. Ni afadhali wiki mbili za usiku mfululizo, halafu ofu kamili kabla ya kuingia mchana. Ombi la pili ni lindo la karibu na unapoishi. Wa Ihumwa na Nzuguni wapangwe Mtumba, wa Nkuhungu wapangwe mjini. Kampuni haipotezi kitu, na wewe unaongeza saa moja au zaidi ya usingizi kila siku.

Hatua ya 4: Mwili ukiwa kazini

Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo wake unapenya hadi mifupani. Vaa nguo nyepesi mbili au tatu chini ya koti badala ya moja nzito, na beba chai kwenye chupa. Mlo mkubwa kula kabla ya zamu. Ugali wa saa 7 usiku unaleta usingizi mzito.

Kwa watu wa usafi, jambo la kwanza ni dawa. Usichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa ya kusugulia choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo unatoa gesi inayounguza mapafu, na vyoo vingi vya ofisi ni vidogo, havina hewa. Glavu, buti na barakoa ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, usinunue kwa mshahara wako. Ndoo ijaze nusu, nenda mara mbili. Mgongo ukishaharibika hakuna mzabuni atakayekuchukua.

Hatua ya 5: Mabosi wawili

Mlinzi anaambiwa na ofisa wa mteja abebe maboksi hadi ghorofa ya tatu. Akikataa ataitwa jeuri na mzabuni ataambiwa amwondoe. Akikubali, likitokea la kutokea getini ataulizwa alikuwa wapi. Hapa watu wanabaki na dukuduku siku nzima.

Jibu linalofaa ni la adabu, fupi, na linamrudisha aliyekutuma kwa msimamizi wako: "Shikamoo mkuu. Ningekusaidia, ila nimekabidhiwa geti na siruhusiwi kuliacha. Naomba nimpigie msimamizi wangu anipe ruhusa au alete mtu." Kisha piga kweli, hapohapo, au tuma ujumbe ili ubaki na maandishi. Ukipewa ruhusa, nenda. Kinachokulinda ni kwamba uamuzi umekuwa wa msimamizi, nawe huna neno la kujibu baadaye.

Kutukanwa au kutakwa kimapenzi kwa masharti ya kubakishwa kazini ni jambo jingine kabisa. Hapo usitafute maneno laini. Andika siku, saa na aliyekuwepo, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na nenda hatua ya 8. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai na TAKUKURU wanalipokea.

Hatua ya 6: Fedha

"Mteja hajatulipa" ndilo jibu la kila mshahara ukichelewa. Kwa mzabuni huenda ni kweli. Kwako haibadilishi kitu: mkataba wako ni na mzabuni, na ndiye aliyekubali kukulipa tarehe ile.

Lakini madhara makubwa yanatokea katikati ya hiyo kusubiri, mtu anapokimbilia kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Anakopa kidogo, anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, na mwezi ukiisha mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Mtu huyo anafanya kazi usiku kucha kwa ajili ya mtu mwingine, halafu anakopa tena ili ale. Sijaona kitu kinachowanyima walinzi amani kuliko hiki.

Kama umeshaingia, andika madeni yote kwenye karatasi moja: jina, ulichochukua, ulichokwisha rudisha, kinachodaiwa. Nenda benki ukabadilishe kadi na namba ya siri, kisha mwendee mkopeshaji mwenyewe ukiwa na shahidi, mpatane kiasi cha kila mwezi. Usimkimbie, mtafute wewe kwanza. Kwa wakopeshaji wa kwenye simu, hakikisha wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha kidijitali bila leseni. Kama hujaingia bado, mchezo (upatu) wa watu sita mnaoaminiana lindoni ni salama zaidi, hata kama zamu yako ya kupokea iko mbali.

Kila baada ya miezi mitatu angalia michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya asilimia 10. Slipu kuonyesha makato si ushahidi kwamba fedha zimefika.

Hatua ya 7: Ujue lini ni ugonjwa

Uchovu unaopungua ukipata ofu mbili ni uchovu. Ukiona wiki mbili zimepita na hufurahii chochote, hulali hata chumba kikiwa kimya, unalia bila sababu, unawapiga watoto kwa kosa dogo, au unawaza kwamba heri ufe, hiyo inahitaji daktari kama malaria inavyohitaji daktari.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kwa mfano Makole, au hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo wengi tunaiita General. Mirembe nayo iko hapahapa jijini, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ilianzishwa 1927. Najua jina lake linatumika mtaani kama tusi. Linawazuia watu kwenda, na wengine wamekufa kwa sababu hiyo. Watu wanahudhuria kliniki pale asubuhi na kurudi nyumbani mchana, na hakuna anayewekewa alama usoni.

Mlinzi wa silaha nakuomba uusome mstari huu mara mbili. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtu yakikujia, usiingie lindo la bunduki siku hiyo. Mwambie msimamizi unaumwa na unaomba lindo la kirungu au ruhusa ya kwenda hospitali. Si lazima umweleze zaidi. Msimamizi unayesoma hapa, mtu akikwambia hivyo mpokee silaha bila kumhoji mbele ya wenzake.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Inadaiwa kwa cheti cha daktari, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Ukiumia kazini, ukavamiwa na wezi kwa mfano, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hakikisha tukio limeandikwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Daini pamoja

Anayedai peke yake anahamishwa lindo. Watu kumi wakisaini barua moja, ni vigumu kuwahamisha wote. Barua iwe ya ukurasa mmoja: tunadai nini, cha miezi gani, tunaomba jibu tarehe ngapi. Nakala kwa Afisa Kazi. Msiweke matusi wala historia ya kampuni. Walinzi binafsi wana chama chao, TUPSE, na watu wa huduma nyingine wanaweza kuwauliza chama cha wafanyakazi cha TUICO. Kujiunga ni haki yako, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa hilo.

Jibu lisipokuja, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mkajaze fomu namba 1. Siku ni za kuhesabu: ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30, madai mengine siku 60. Watu wengi wanazipoteza wakingoja ahadi za simu. Endeleeni kuzungumza na mwajiri mkitaka, lakini fomu iwe imeshaingia.

Tenda ikiisha na mzabuni mpya akaja na sare mpya, usivue ya zamani mikono mitupu. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hakuichukua ilipwe, na cheti cha utumishi. Kwa mzabuni mpya, omba masharti ya kazi kwa maandishi, yanayotaja saa, mshahara wa msingi na mahali pa kazi, kabla ya kuingia zamu ya kwanza. Soma mstari wa saa kabla ya mstari wa mshahara.